Jina na Mwenye Jina: Jinsi Skima Nyingi za XML Zinavyokaa Katika Hati Moja

Ripoti ya mwaka ya SACCOS iliyoandikwa kwa programu ya Word huonekana kwenye kompyuta kama faili moja tu ya docx. Ukweli ni kwamba faili hiyo ni furushi la zip lililobeba faili kadhaa za XML, na ndani ya furushi hilo hukutana lugha mbalimbali za kuelezea data: ipo ya maandishi, ipo ya michoro, ipo ya chati, na ipo ya fomula za hisabati. Kila lugha ina msamiati wake, na misamiati hiyo hugongana waziwazi. Lugha ya maandishi ina elementi iitwayo p, yaani aya. Lugha ya michoro nayo ina p yake. Maneno ya kawaida ya ripoti hukaa ndani ya elementi iitwayo t. Fomula ya riba nayo huhifadhi herufi zake ndani ya t. Na kichwa cha chati ya mapato vilevile kimo ndani ya t. Hata hivyo Word huzitenganisha t hizo tatu bila shida, na LibreOffice, iliyotengenezwa na watu wengine kabisa, nayo inajua ipi ni ipi. Kinachoziwezesha ni utaratibu uitwao himaya za majina. Watengenezaji programu wengi huulalamikia utaratibu huu kuwa ni mzigo. Makala haya yanashikilia kinyume chake: ni miongoni mwa makubaliano ya busara zaidi katika historia ya wavuti, kwa sababu unaziruhusu taasisi zisizojuana kuandika ndani ya hati moja bila kuomba ruhusa kwa msajili yeyote, na sehemu kubwa ya usumbufu unaohusishwa nao hutokana na kusahau kanuni yake moja, kwamba jina halijakamilika mpaka mwenyewe atajwe.

Tuanze na chanzo cha tatizo. XML ilipitishwa Februari 1998 na W3C, shirika linalosimamia viwango vya wavuti. HTML, lugha ya kurasa za wavuti, ina orodha maalumu ya elementi ambazo kila kivinjari kinazijua. XML haina orodha. Inatoa sarufi tu, yaani namna ya kufungua elementi, kuifunga, na kuweka moja ndani ya nyingine. Maneno yenyewe kila mtu hujitungia. Hospitali inaweza kutunga elementi iitwayo kiasi kwa maana ya idadi ya vidonge alivyopewa mgonjwa, na kampuni ya bima ikatunga kiasi kwa maana ya shilingi zitakazolipwa. Kila moja ikibaki na hati zake hakuna tatizo. Siku hospitali inapotuma dai la malipo, hati moja inabeba kiasi mbili, na programu inayosoma haina njia ya kujua ipi ni dawa na ipi ni fedha. Mtaa wa Majengo upo Mombasa, upo Nairobi, upo Dodoma na upo Moshi, na hakuna mji uliolazimika kubadilisha jina kwa ajili ya mwingine, kwa kuwa mzigo unaopotea njiani ni ule tu ulioandikwa Majengo bila kutajwa mji. Kwa XML vilevile, kurudiwa kwa jina hakuna madhara. Madhara huanza pale jina linaposafiri bila kwao.

Njia mbili za kulitatua tatizo hili humjia mtu upesi, na zote mbili hushindwa. Ya kwanza ni kuweka ofisi moja kuu ambako kila anayetaka kutunga elementi angesajili jina lake. Ofisi hiyo ingezidiwa na maombi, na hata isingezidiwa, uhuru uliokuwa sababu ya kuundwa kwa XML ungekufa. Ya pili ni kumwachia kila mtu atunge majina marefu yasiyoelekea kurudiwa, kwa mfano kutanguliza kifupi cha taasisi yake. Lakini vifupi navyo hurudiwa, na hakuna anayeweza kuthibitisha kwamba cha kwake kiko peke yake duniani. Pendekezo la W3C lililotoka tarehe 14 Januari 1999, likihaririwa na Tim Bray, Dave Hollander na Andrew Layman, lilipata njia ya tatu. Waliona kwamba dunia tayari ina daftari la majina yasiyorudiwa, nalo ni daftari la vikoa vya intaneti. Mwenye kikoa kinachoishia na .go.tz au .ac.ke anakimiliki peke yake kwa muda wote anaokishikilia. Basi mwenye kikoa na atunge anwani chini ya kikoa chake, anwani hiyo iwe jina la himaya, na elementi zote atakazotunga ziwe ndani ya himaya hiyo. Kazi ya kuhakikisha kwamba majina hayagongani haikuhitaji ofisi mpya. Iliazimwa kutoka mfumo uliokuwa ukifanya kazi tayari.

Kwa utaratibu huu kila elementi ina jina lenye sehemu mbili: jina la himaya na jina la ndani. Aya ya Word si p tu. Jina lake kamili ni p ya himaya http://schemas.openxmlformats.org/wordprocessingml/2006/main. Kuandika mstari huo wote mbele ya kila elementi kungeifanya hati isisomeke, na kwa hiyo sheria inaruhusu kifupi. Mwanzoni mwa hati huandikwa tangazo la xmlns linalosema, kwa mfano, kwamba kuanzia hapa w inasimama badala ya anwani ile, na baada ya hapo aya huandikwa w:p. Kiambishi hiki hakina maana yake chenyewe. Mwandishi mwingine anaweza kutangaza kwamba neno maandishi linasimama badala ya anwani ile ile, akaandika maandishi:p, na kwa kanuni za XML hizo ni elementi moja. Kinyume chake pia ni kweli: hati mbili zinaweza kutumia w zote mbili na kumaanisha mambo yasiyohusiana hata kidogo. Anwani zenyewe hulinganishwa herufi kwa herufi, bila huruma. Mkwaju mmoja wa ziada mwishoni, au herufi kubwa mahali palipokuwa na ndogo, huzaa himaya nyingine. Inaruhusiwa pia kutangaza himaya ya msingi isiyo na kiambishi, ambayo elementi zote zisizo na kiambishi ndani yake huingia. Ila sifa zinazoandikwa ndani ya elementi haziingii, kwa kuwa sifa isiyo na kiambishi huhesabiwa kuwa mali ya elementi yake.

Hapo ndipo skima zinapoingia. Skima ni hati inayoeleza kanuni za lugha fulani ya XML: elementi zipi zipo, zinapangwaje, ipi ni tarehe na ipi ni namba. Kanuni za aina ya zamani, ziitwazo DTD, zilibuniwa kabla ya himaya za majina na hazikuzitambua. Kwa DTD, w:p ilikuwa neno moja lenye nukta mbili katikati, na mtu akibadilisha kiambishi uhakiki huanguka. Lugha mpya ya skima iliyopitishwa na W3C tarehe 2 Mei 2001 ilijengwa juu ya himaya tangu msingi. Kila faili ya skima husemea himaya moja tu, nayo huitaja mwanzoni kwa sifa iitwayo targetNamespace. Skima inayohitaji msaada wa nyingine ina milango miwili. Ikiwa nyingine ni ya himaya ile ile, yaani kanuni za lugha moja zimegawanywa katika faili kadhaa, hutumika amri ya include. Ikiwa ni ya himaya tofauti, hutumika amri ya import, nayo hulazimika kuitaja himaya inayoingizwa kwa jina lake kamili. Tofauti hii inaweza kuonekana ndogo, lakini ina mantiki ya utawala. Include humaanisha kwamba sisi ni wamoja na kanuni ni zetu. Import humaanisha kwamba hiki ni cha fulani, tunakitumia kama alivyokieleza mwenyewe, na hatuna mamlaka ya kukibadilisha. Ndiyo maana skima kumi zinaweza kushirikiana kuhakiki hati moja huku kila moja ikiwajibika kwa sehemu yake tu.

Turudi kwenye faili ya docx tuone mantiki hii ikifanya kazi. Kiwango chake kilipitishwa na shirika la viwango la Ecma mwezi Desemba 2006 kwa jina la ECMA-376, kisha kikawa ISO/IEC 29500 mwaka 2008. Wabunifu wake hawakuandika skima moja kubwa. Waliandika nyingi, zenye himaya nyingi, na kuzifanya ziingizane. Lugha ya michoro, ambayo kwa desturi hupewa kiambishi a, imeelezwa mara moja na hutumiwa na Word, Excel na PowerPoint kwa pamoja. Kwenye PowerPoint kiambishi p hutumika kwa lugha ya slaidi, na aya za slaidi huandikwa a:p. Msomaji anayekariri vifupi bila kuangalia matangazo angepotea, lakini programu inayosoma majina kamili haipotei. Fomula ya hisabati inaonyesha zaidi. Kipande cha fomula huandikwa m:r, na ndani yake maelezo ya fonti na rangi huwekwa katika w:rPr, elementi ya lugha ya maandishi, huku herufi zenyewe zikiwa katika m:t. Lugha ya hisabati haikujitungia upya kanuni za fonti; imezichukua kwa mwenyewe na kuacha jina la mwenyewe lionekane. Kwa hiyo programu inayokusanya maneno ya ripoti kwa kutafuta w:t peke yake itaacha fomula zote, na itakuwa imefanya hivyo kwa uamuzi uliowekwa wazi katika programu yenyewe, wala si kwa bahati mbaya.

Faili hiyo hiyo inatoa ushahidi mwingine, wa jinsi himaya zinavyowezesha lugha kukua. Word ya mwaka 2010 ilikuja na mambo ambayo matoleo ya nyuma hayakuyajua. Microsoft iliyaweka mambo hayo katika himaya mpya, yenye kiambishi cha desturi w14, na mwanzoni mwa hati ikaweka sifa iitwayo Ignorable inayotaja viambishi vya himaya ambazo msomaji asiyezijua anaruhusiwa kuziruka. Programu ya zamani inapokutana na elementi ya w14 haishtuki. Inaona kwamba himaya hii haiijui na kwamba imeruhusiwa kuipita. Bila himaya, elementi mpya isingetofautika na kosa la tahajia. Skima nazo zina mlango wa aina hii: mbunifu anaweza kuacha nafasi inayopokea elementi yoyote mradi itoke himaya nyingine, na hivyo kuwakaribisha watu ambao hajawahi kuwasikia waongeze mambo yao bila kuharibu yake.

Mfano wa pili unagusa mifuko ya watu. Mtanzania anayefanya kazi Uingereza au Mkenya aliyeko Marekani anapotuma fedha nyumbani kwa benki inayotumia mtandao wa Swift, agizo la malipo kati ya benki na benki sasa husafiri kwa kiwango cha ISO 20022. Uhamaji kwenda kiwango hicho katika malipo ya kimataifa ulianza Machi 2023, na kipindi cha kutumia maagizo ya mfumo wa zamani sambamba na mapya kilimalizika Novemba 2025. Ujumbe wa malipo huwa na sehemu mbili za XML. Kuna kichwa, head.001, kinachosema nani anamtumia nani ujumbe. Na kuna agizo lenyewe, pacs.008, linalosema nani analipwa, kiasi gani, na kupitia benki zipi. Kila sehemu ina skima yake na himaya yake. Himaya ya agizo huandikwa urn:iso:std:iso:20022:tech:xsd:pacs.008.001.08, na tarakimu mbili za mwisho ni toleo. Katika sehemu zote mbili kuna elementi iitwayo BICFI, ambamo huandikwa msimbo wa benki. Kwenye kichwa, msimbo huo ni wa benki inayotuma au kupokea ujumbe. Ndani ya agizo unaweza kuwa wa benki yoyote katika mnyororo wa malipo. Jina ni lile lile na umbo ni lile lile, lakini kazi ni tofauti. Programu inayotafuta BICFI ya kwanza itakayoiona, bila kujali himaya wala mahali, inaweza kumchukua mbeba ujumbe ikamdhania kuwa mlipaji.

Linganisha mifano hiyo miwili na utaona kwamba himaya zinaacha nafasi ya uamuzi. Wabunifu wa docx walichagua kushirikiana: lugha moja ya michoro, inayoingizwa na zote. Wabunifu wa ISO 20022 walichagua kujitegemea: kila skima ya ujumbe hurudia ndani yake maelezo yote inayoyahitaji, haiingizi ya mwenzake, na hivyo maelezo ya benki yameandikwa upya katika himaya baada ya himaya. Njia ya kwanza huokoa kazi na kuleta ulinganifu, lakini badiliko katika lugha ya pamoja huwagusa wote. Njia ya pili huwaongezea kazi watengenezaji programu, wanaolazimika kushughulikia BICFI ya kila himaya kivyake, lakini agizo la malipo linaweza kupata toleo jipya bila kuugusa ujumbe mwingine hata mmoja. Kwa benki, ambazo haziwezi kubadilisha mifumo yote usiku mmoja, kujitegemea kuna thamani kuliko kuokoa maandishi. Uchaguzi wa himaya, kwa maneno mengine, ni uchaguzi wa nani atabadilika pamoja na nani.

Jambo hilo huonekana wazi kabisa kwenye suala la matoleo. XSLT, lugha ya kubadilisha umbo la hati za XML, ilipitishwa mwaka 1999, ikapata toleo la 2.0 mwaka 2007 na la 3.0 mwaka 2017, na muda wote huo himaya yake imebaki http://www.w3.org/1999/XSL/Transform. Mwaka uliomo humo unaonyesha lini jina lilitolewa, wala hauhesabu matoleo. Toleo hutajwa kwa sifa tofauti. Kiwango cha docx kilifanya kinyume. Kilipopita ISO kiligawanywa mara mbili, toleo la mpito lililobakisha himaya za awali na toleo kali lililopewa himaya mpya zenye anwani ya purl.oclc.org. Elementi za matoleo hayo mawili zinafanana kwa sehemu kubwa sana, lakini kwa programu iliyojua himaya za awali peke yake, w:p ya toleo kali ilikuwa neno geni kabisa. Hivyo ndivyo inavyotakiwa, kwa sababu kubadilisha himaya ni kutangaza kwamba hii ni lugha nyingine. Anayebadilisha himaya kwa ajili ya marekebisho madogo amewafungia mlango watumiaji wake bila sababu, na anayeiacha ile ile huku akibadilisha maana ya maneno amewadanganya. Pacs.008 hubadilisha himaya kwa kila toleo, kwa makusudi, kwa sababu katika fedha ni salama zaidi ujumbe ukataliwe kuliko usomwe vibaya.

Wapinzani wa utaratibu huu wana hoja za kweli zinazostahili majibu ya kweli. Ya kwanza ni kwamba kutumia anwani ya wavuti kama jina kunapotosha. Mtu akiona http anabofya, na pengine hakuti chochote, kwa sababu sheria haidai pawepo ukurasa. Programu nazo hupotoshwa. Mwaka 2008 W3C ilieleza kwamba seva zake zilikuwa zikipokea hadi maombi milioni 130 kwa siku kutoka kwa programu zilizokuwa zikipakua upya, mara kwa mara, faili za DTD na hati nyingine ambazo anwani zake zimeandikwa ndani ya hati za XML. Ni kasoro halisi, na gharama yake ilikuwa halisi. Lakini angalia chanzo chake: programu hizo zilichukua jina zikalifanya safari, na hazikuhifadhi nakala ya kile zilichokwisha kupakua. Faida ya anwani ni kwamba umiliki wake unajulikana, na mwenyewe akipenda anaweza kuweka hapo ukurasa wa maelezo kwa binadamu. Asiyetaka utata huo ana njia nyingine, ile ya urn waliyoichagua ISO, ambayo haifanani na kitu cha kubofya. Isitoshe, jina halifi ukurasa unapokufa. Vipindi vya sauti vinavyosambazwa kwa RSS bado vinabeba himaya ya iTunes yenye anwani inayoishia na podcast-1.0.dtd, na programu za kusikiliza huitambua kwa maandishi yake tu, bila kujali kilichopo mwisho wa anwani hiyo.

Hoja ya pili ni ugumu. Hapa ni lazima kukubali kwamba wabunifu wa skima walifanya uamuzi mmoja mbaya. Kwa chaguo-msingi, elementi zinazoelezwa ndani ya elementi nyingine haziingii katika himaya ya skima. Mzazi yumo, watoto hawamo. Mtu anayetangaza himaya ya msingi juu ya hati yake, akitegemea kwamba yote yaliyo chini yameingia, hushangaa uhakiki ukimkatalia kila mstari. Dawa ni kuandika elementFormDefault kuwa qualified, na skima za ISO 20022 hufanya hivyo. Kuna mtego mwingine katika amri ya include: skima isiyo na himaya, iitwayo kinyonga, huvaa himaya ya anayeijumuisha, na ikijumuishwa na wawili, aina iliyoandikwa mara moja huwa aina mbili zisizotambuana. Kuna pia mahali ambapo kiambishi, ambacho tumesema hakina maana, hupata maana kwa sababu kimeandikwa ndani ya thamani. Sifa ya Ignorable tuliyoitaja ni mfano: programu ikibadilisha viambishi vya hati ya Word bila kuisahihisha sifa hiyo, Word huikataa faili na kusema imeharibika. Mitego hii ipo. Lakini yote inajulikana, ni michache, na kila mmoja una dawa ya mstari mmoja au miwili. Ugumu wa kuunganisha mifumo isiyo na himaya hauna orodha ya namna hiyo, kwa maana kila mgongano ni mpya na hugunduliwa baada ya kuleta hasara.

Hoja ya tatu ndiyo yenye nguvu kuliko zote: dunia imehamia JSON, namna nyingine ya kuandika data, ambayo haina himaya, na mambo yanakwenda. HTML5 nayo haidai matangazo ya himaya. Ni kweli JSON inatosha pale ambapo pande mbili zimekubaliana juu ya hati moja, kwa mfano programu ya simu na seva yake, kwa sababu hapo mwenye majina ni mmoja na anajulikana. Lakini watu walipotaka data ya JSON isomwe na wasiojuana, W3C ilipitisha JSON-LD mwezi Januari 2014, na jambo la kwanza inalolitaka ni muktadha unaoyafungamanisha majina mafupi na anwani kamili. Hizo ni himaya za majina kwa vazi jingine. Kivinjari cha HTML5 nacho hakijaziacha: kinapokutana na mchoro wa SVG ndani ya ukurasa huuweka katika himaya yake chenyewe, kwa kuwa title ya SVG si title ya HTML, na hali kadhalika fomula za MathML. Kimeweza kufanya hivyo bila tangazo kwa sababu lugha zinazoruhusiwa ni chache na zimeamuliwa kutoka juu. Na mtengenezaji anayetaka kujitungia elementi yake katika HTML analazimishwa kuweka kistari katika jina, ili lisigongane na majina ya wakubwa. Hayo yanathibitisha hoja yetu: hati inayotumiwa na wengi ama itakuwa na mamlaka moja inayoamua majina yote, ama itakuwa na njia ya kumtaja mwenye jina. Njia ya tatu bado haijapatikana.

Afrika Mashariki ina sababu ya kulijali jambo hili kuliko kulichukulia kuwa la mafundi. Mifumo ya serikali, hospitali, vyuo na benki inazidi kubadilishana hati, na kila ubadilishanaji wa XML hudai mtu akae chini achague jina la himaya. Uchaguzi huo mara nyingi hufanywa kwa haraka. Zana za Microsoft za kutengeneza huduma za wavuti hutoa himaya ya muda, http://tempuri.org/, na ukurasa wa majaribio wenyewe humwonya mtengenezaji aibadilishe kabla ya huduma kutumiwa na umma. Taasisi mbili zikiiacha hivyo zimejiweka katika himaya moja isiyo ya yeyote kati yao, na mgongano uliozuiwa mwaka 1999 umerudi kwa mlango wa nyuma. Kuna pia wanaoacha kampuni iliyowauzia mfumo itumie kikoa chake kama himaya ya data ya taasisi. Mkataba ukiisha, data inabaki ikibeba jina la mtu aliyekwisha kuondoka.

Kwa hiyo, anayeagiza mfumo asiogope kuuliza maswali haya hata kama hajawahi kuandika programu. Himaya ya data yetu ni ipi, na je, iko chini ya kikoa chetu wenyewe? Ni badiliko la aina gani litakalotufanya tuibadilishe, na tumeliandika wapi? Skima zetu zinaingiza za nani, na mwenyewe akitoa toleo jipya tutajuaje? Na mtengenezaji ajaribu jambo moja dogo kabla ya kukabidhi kazi: achukue hati halali, abadilishe viambishi vyote pamoja na matangazo yake, na popote viambishi hivyo vilipoandikwa ndani ya thamani avibadilishe pia, kisha aone kama programu yake bado inaisoma. Ikishindwa, programu hiyo inasoma vifupi badala ya majina, na siku itakapopokea hati kutoka kwa mwingine itakosea. Maswali hayo na jaribio hilo havihitaji fedha wala mashine mpya. Taasisi isiyoyajibu leo itayajibu siku ya kuunganisha mifumo yake na ya wengine, na siku hiyo gharama itakuwa kubwa zaidi.